Utelezi wa Lagangabilili

Tulitoka Bariadi baada ya swala ya alfajiri, tukiwahi maziko Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima. Mvua ya usiku ilikuwa imeulowesha udongo mweusi wa mbuga, ambao ukinywa maji huvimba na kuteleza mithili ya barafu. Dereva wetu aliunganisha nguvu za magurudumu yote manne, akashika gia ndogo, wala hakukanyaga breki kwa ghafla.

Korongoni tulikuta maji yakienda kasi. Tulimsihi avuke, alikataa, akazima injini. Yalipopungua, adhuhuri ilikwisha pita, na marehemu alikwisha zikwa. Tulimswalia kaburini. Ndugu wasomaji, tulichelewa, lakini alhamdulillahi, tulifika sote.