Nilimwita Dogo Mpigaji, Kumbe Shawa Imeziba

Wadau, hii naiandika nikiwa Mitundu, Singida, na aibu bado haijaniisha.

Mwaka jana nilimtumia dogo hela anunue pampu ya bafuni kwa mama. Mama goti bovu, kuinama kuchota maji kwenye ndoo ni mateso. Tenki letu liko kwenye stendi fupi. Kutoka usawa wa maji mpaka kichwa cha shawa hata mita 2 hazifiki, na presha ya bar 1 inataka kimo cha mita 10 hivi. Bila pampu unaoga matone.

Miezi ikapita, mama akaanza kulalamika: maji yanadondoka tu, pampu inawaka, inazima, inawaka, inazima. Mimi niko Dar, sijaona kitu, nikaandika kwenye grupu la familia: "Umenunua feki ukapiga cha juu." Dogo akatupia picha ya risiti, akajitoa. Akasema pampu hiyo hagusi tena.

Juzi nimefika. Fundi kaangalia dakika 5: "Imekufa hii bosi, leta laki 3." Moyoni nikajiona nilikuwa sahihi (Mungu anisamehe). Mama ndiye aliyeuliza, mbona bomba la nje linalotoka kwenye pampu hiyo hiyo linatoa kwa nguvu?

Aisee. Nikafungua kichwa cha shawa, nikakinga ndoo ya lita 10 kwenye bomba tupu: haikumaliza dakika. Nikarudisha kichwa: dakika 4 na ushee. Maji ya kisima chetu yana chumvi, vitundu vyote vimeganda gamba jeupe. Na pampu za aina hii hujiwasha zikisikia maji yanatembea. Yakipita kiduchu, swichi inakata. Ndiyo ile waka-zima.

Nikaloweka kichwa kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikasugua na mswaki wa zamani. Nikazima umeme, nikafungua na chujio la pampu, lilikuwa na mchanga. Gharama yote chupa moja ya siki.

Mama kaoga mpaka tukamgongea mlango.

Radhi nimeomba kwenye grupu lile lile nilikomchafua, ila yeye si alishatoka. Nikamfuata inbox. Tiki za bluu tangu jana mchana, kimya. Anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Sijaenda kugonga bado.