Mashine ya Pini katika Karakana ya Shule

Miongoni mwa maswali ambayo walimu wanachuo huniuliza wanapojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, limo moja ambalo zamani halikuwapo: je, shule yenye fedha kidogo inunue mashine ya kupigia pini kwa nguvu ya hewa, au ibaki na nyundo zake? Mtu akisafiri kutoka Tegeta kupitia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, huwaona mafundi wa samani kando ya barabara, na mlio wa mashine hizo haumpotei masikioni. Watoto wetu huusikia waendapo shuleni. Mwalimu wa kazi za mikono hawezi kujifanya kwamba mashine hiyo haipo.

Hata hivyo, kabla ya kuizungumzia mashine, yafaa tukumbuke kwamba wenyeji wa pwani hii walijua kuunga mbao karne nyingi kabla ya umeme. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari hata mmoja. Waundaji wa majahazi ufukweni Bagamoyo hutoboa kwanza kwa keke, ndipo wapigilie msumari wa chuma, ili ubao usipasuke. Kisha huziba nyufa kwa kalafati ya pamba. Niliwahi kuwapeleka wanachuo huko. Mmoja wao akamwuliza fundi kwa nini hatumii mashine ya hewa, kazi ikaenda upesi. Mzee yule hakuinua hata kichwa. "Mwalimu," akaniambia mimi badala ya kumjibu kijana, "hii si sofa."

Jibu hilo lina elimu kubwa kuliko kurasa nyingi za vitabu vya ufundi. Pini na misumari myembamba isiyo na kichwa kikubwa hushika vitu vyepesi: kitambaa juu ya fremu, wavu wa mbu dirishani, mgongo wa kabati, fremu ya ramani, ubao wa matangazo. Haibebi uzito wa mtu. Mwaka 2016, nchi nzima ilipohimizwa kumaliza upungufu wa madawati, madawati mengi mno yalitengenezwa kwa muda mfupi, na tangu hapo walimu wamekuwa na kazi ya kuyatengeneza yanapolegea. Dawati lililolegea hutaka skrubu, au bolti na nati. Atakayelipigia misumari ya milimita 30 kwa mashine atakuwa ameficha ubovu tu, na mtoto atakayeangukia hapo hana habari kwamba mwalimu wake alikuwa na haraka.

Sasa tuseme kamati ya shule imeuza nazi zake na imekubali kununua. Kariakoo zimejaa mashine za bei nafuu kutoka China, nazo hufanana kama mapacha. Herufi na tarakimu zilizoandikwa ubavuni ndizo zinazoeleza kazi yake. F30 hupiga msumari mwembamba, wa unene wa milimita 1 hivi, wenye urefu wa milimita 10 hadi 30. 1013J hupiga pini yenye upana wa milimita 11.2 na urefu usiozidi milimita 13. Hiyo ni ya kitambaa na wavu. 8016 huchukua pini za aina ya 80, zilizo pana kidogo zaidi, zisizozidi milimita 16. Misumari ya F hupatikana kwa urahisi, na mara nyingi ya kiwanda kimoja huingia katika mashine ya kiwanda kingine, lakini pini ni lazima zilingane upana kamili. Kwa hiyo ulizia kwanza pini, kisha mashine. Mwombe mwenye duka aiunganishe na hewa, upige kumi juu ya kipande cha ubao, nawe utege sikio: ikiwa hewa inavuja kabla hujabonyeza, vipete vyake vya mpira ni vibovu. Uliza pia kama vipete vya akiba vinauzwa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kompresa. Katika shule moja nilikuta mashine nzuri imefungiwa kabatini kwa sababu aliyeinunua alidhani pampu ya baiskeli ingetosha. Mashine hizi hutaka shinikizo la baa 4 hadi 7 mfululizo. Kompresa ndogo yenye mtungi wa lita 24 yatosha, maana kila pigo hula hewa kidogo tu. Ikiwa soketi iko mbali, refusha mpira wa hewa, usirefushe waya wa umeme. Waya mrefu mwembamba hupunguza nguvu ya umeme, na mota huungua. Kamwe usiunganishe mashine na mtungi wa oksijeni wa mafundi wa kuchomelea, kwa kuwa itaweza kulipuka.

Kwa maoni yangu, mtoto wa shule ya msingi asiishike mashine hii. Nyingi za bei nafuu, hasa za pini, hazina kizuizi mdomoni, nazo hufyatua hata hewani. Msumari mwembamba nao una tabia mbaya katika mninga na mbao nyingine ngumu: hufuata nyuzi za ubao, hupinda, na kutokea ubavuni mahali palipo na vidole. Katika msonobari wa Sao Hill huingia sawasawa. Mwalimu mwenyewe avae miwani ya kukinga macho, mkono wake mwingine uwe mbali kuliko urefu wa msumari, na msumari ukikwama achomoe mpira wa hewa kwanza kabla ya kufungua chochote. Watoto wapewe nyundo. Fedha za kompresa na mashine hununua nyundo nyingi, na kwa nyundo watoto kumi na wawili hufanya kazi kwa pamoja, ilhali kwa mashine kumi na mmoja humtazama mmoja. Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 haikukusudia watoto wawe watazamaji.

Kwa hiyo naipendekeza mashine hii kwa karakana ambamo mwalimu hutengeneza zana za kufundishia, tena pale tu ambapo nyundo za darasa zimekwisha kupatikana. Ikiwapo, haikosi faida kwa somo la sayansi. Watoto waguse pampu ya baiskeli baada ya kuisukuma mara hamsini, wajionee kwamba hewa iliyoshindiliwa hupata joto. Kisha, jioni, umeme ukiwa umezimwa na shinikizo likiwa limepungua, mwalimu afungue kizibo kilicho chini ya mtungi wa kompresa. Hapa pwani, hasa wakati wa masika, maji hutoka, mekundu kidogo kwa kutu, na daima yupo mtoto atakayeuliza ni nani aliyeyatia humo.