Siku Tulipoitwa Magharibi

Katika michezo ya shule za sekondari nchini Kenya, jina lako hubadilika kadri unavyoshinda. Unaanza ukiwa shule tu, ukikwaruzana na shule za zoni yako, na nusu ya wapinzani ni vijana mliosoma nao msingi. Ukipita hapo unavaa jina la wilaya. Ukizishinda wilaya nyingine unakuwa mkoa, na tangu hapo hakuna anayejali shule yako iko upande gani wa mto. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mvua za masika zikianza, sisi wavulana wa shule moja ya bweni karibu na Kakamega tuliitwa Magharibi, nasi tukaitika.

Raga ilikuwa mchezo wa muhula wa kwanza, pamoja na hoki na mpira wa kikapu. Soka na voliboli zilisubiri muhula wa pili. Kwa hiyo shule zilifunguliwa Januari, na kufikia Februari mlikuwa mmeshaingia zoni, chapati za Krismasi bado ziko tumboni. Machi mkoa, Aprili taifa. Katika ngazi za chini hapakuwa na marudiano: ukipoteza alasiri moja umekwisha mpaka mwaka unaofuata, na kwa kijana wa kidato cha nne hakuna mwaka unaofuata. Niliiona timu nzuri kuliko yetu ikirudi nyumbani mapema kwa sababu tu uwanja ulijaa maji na mpiga mikwaju wao akateleza. Bado nauona utaratibu ule kuwa wa kikatili, ingawa sijaona mwingine unaomfanya mvulana wa miaka 17 aoshe daluga zake bila kukumbushwa.

Mikoa ilikuwa minane, na kwa raga haikulingana hata kidogo. Nairobi ilikuwa na Lenana na Nairobi School, shule zilizojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wana wa walowezi, zikiitwa Duke of York na Prince of Wales. Walowezi walipoondoka, nyasi zilibaki, milingoti ilibaki, na ile desturi ya kidato cha nne kumfundisha kidato cha kwanza nayo ilibaki. Bonde la Ufa walikuwa na mji wa Nakuru na klabu yake, ambako mtoto angeweza kusimama kando ya uwanja akawatazama wakubwa wakicheza. Nyanza walikuwa na Maseno, shule ya wamishonari iliyoanza mwaka wa 1906. Sisi tulikuwa na miili ya vijana waliozoea kukata miwa, na uwanja ulioteremka kuelekea jikoni. Milingoti yetu ilikuwa mikaratusi iliyokatwa nyuma ya bweni. Mmoja ulichipua majani, na mkuu wa shule akakataa usiguswe.

Mwalimu wetu wa michezo alifundisha jiografia darasani na raga alikuwa ameijulia Chuo Kikuu cha Nairobi. Mashine ya kujifunzia skramu, ule msukumano wa wanane kwa wanane, hatukuwa nayo. Tulikuwa na lori la shule ambalo injini yake ilikuwa imekufa. Wanane wetu wa mbele walikuwa wakiliinamia kwa nyuma, mabega kwenye chuma, naye dereva amekaa ndani, mguu kwenye breki. "Punguza breki," Mwalimu alisema, nasi tulisukuma. "Kaza!" Lori lilisimama, shingo zikalia. Yule dereva aliipenda kazi hiyo kuliko kuendesha. Alikuwa akichungulia dirishani na kutangaza nani anasukuma na nani anaegemea.

Mimi nilikuwa huka, yule wa katikati ya safu ya kwanza, nimening'inia mabegani mwa mapropu, wenzangu wawili wakubwa, kazi yangu kuukwatua mpira kwa kisigino uende nyuma. Watu hudhani skramu ni nguvu tupu. Katika raga ya chini ya miaka 19 sheria hairuhusu kuisukuma zaidi ya mita 1.5, na lengo ni kuzilinda shingo za watoto. Hivyo kuwa wazito hakukutosha. Kilichoamua ni mguu wa huka na saa aliyopatana na skramu-hafu wake, yule anayeuingiza mpira. Sisi wawili tulikuwa na ishara: alikuwa akigonga bega la propu wa kushoto kwa kiganja, nami nilihesabu pumzi moja kisha nikarusha mguu. Mimi ni mfupi na mpana. Mchezo mwingine ambao ungenipa jezi siujui mpaka leo.

Fainali ya mkoa tuliicheza dhidi ya shule jirani, watu tuliowachukia kwa dhati. Ng'ambo ya skramu alikuwapo huka wao, kijana mwenye masikio yaliyokwisha kukunjamana, ambaye tangu dakika ya kwanza alinisukumia nywele zake usoni na kunisimulia mambo ya mama yangu ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kando ya uwanja watu wa Isukha walikuwa wameleta ngoma za isukuti, zile tatu zinazopigwa kwa mpigo wa kukimbizana, na pembe. Ngoma hizo hupigwa harusini, mazishini na penye mapigano ya fahali, na kwa maoni ya wengi waliokuja siku hiyo mchezo wetu ulikuwa wa aina hiyo ya tatu. Tulishinda. Dakika za mwisho nilirusha mpira wa laini-auti kutoka ukingoni, nahodha wetu akaudaka, tukajikusanya nyuma yake tukamsukuma hadi ng'ambo ya mstari. Trai. Huka wao alimkimbilia refa akilalamika kuwa mpira niliurusha kombo. Refa akaelekeza kidole katikati ya uwanja.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kukisimulia hasa. Jumamosi iliyofuata basi la shule ile lilikunja kona ya lango letu. Tulidhani wamekuja kukata rufaa. Wakashuka wote, kikosi kizima, na kocha wao akamwambia Mwalimu: "Mnakwenda kukutana na Nairobi na hamjapata wa kujaribiana naye. Sisi hapa." Basi tukaacha kulisukuma lori. Kwa juma zima jioni zetu zilikuwa skramu dhidi ya watu wa kweli, tena watu wenye kinyongo, jambo ambalo ni zuri sana kwa mazoezi. Yule huka alinishika mabega, akanionyesha kwamba nilikuwa nikiinama nikiwa nimeshautanguliza mguu wa kulia, kwa hiyo kila mpinzani mwenye akili alijua ni lini nitakwatua. "Mimi nilijua," alisema. "Nilishindwa tu kukuwahi." Siku ya mwisho akazitazama daluga zangu, ambazo meno yake yalikuwa yamelika hadi kwenye ngozi, akavua zake. "Wewe mfupi, shika hizi. Sitaki Magharibi iteleze kwa sababu yako."

Magharibi, alisema. Siku chache nyuma neno hilo lilikuwa jezi tuliyoipigania sisi na wao, nasi tukawanyang'anya.

Safari ya Nakuru, yalikokuwa mashindano ya taifa, ilipita Kapsabet ikapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi iliwanyamazisha hata waimbaji wetu. Tulifika usiku. Shule iliyotupokea ilikuwa imetupangia madarasa, madawati yamesukumwa ukutani, magodoro chini, na mlangoni kila darasa lilikuwa na karatasi: PWANI, KATI, MASHARIKI. Uvumi ulikuwa umeshatutangulia. Nairobi wana propu wa kilo 110. Bonde la Ufa wana winga anayewashinda wanariadha. Kuhusu sisi, nilikuja kusikia, ilisemwa kwamba tunafanya mazoezi kwa kusukuma lori lililojaa miwa. Hatukukanusha.

Kabla ya mpira kulikuwa na mchezo mwingine, wa walimu. Kila timu iliwasilisha fomu za wachezaji zenye picha na muhuri wa mkuu wa shule, pamoja na vyeti vya kuzaliwa, nao walimu wa mikoa mingine wakazipekua kama mawakala wa uchaguzi. Nani amezidi miaka? Nani alihamishwa shule Januari kwa ajili ya mashindano tu? Kila mkoa uliushuku mwingine, na si bila sababu. Palikuwa na mchezaji mmoja, wa wapi nisiseme, ambaye wenzake wa timu walikuwa wakimwamkia shikamoo kwa utani, naye akiitikia bila kutabasamu. Nahodha wetu alinyoa ndevu mara mbili siku hiyo, ilhali alikuwa na miaka 18 halali kabisa.

Pwani tuliwafunga bila taabu. Walikuwa na mbio na roho nzuri, ila raga kwao ilikuwa ngeni na skramu yao ilifumuka kila mara. Kati walitusumbua lakini tulipita. Mbele ya Nairobi hatukufua dafu. Si kwamba walikuwa na nguvu kutuzidi, tuliwasukuma. Lakini kila tuliposhinda mpira sisi tulikimbilia watu, na kila waliposhinda wao walikimbilia nafasi. Flai-hafu wao, mpangaji wa mchezo, alikuwa akiinua kichwa kabla mpira haujamfikia. Hilo hujifunzi katika juma moja kwa kuazima maadui. Unajifunza kwa kucheza tangu ungali mtoto, mbele ya mtu anayekuambia inua kichwa. Hata hivyo tulivuka kundi, na nusu fainali wenyeji, Bonde la Ufa, walitutoa mbele ya watu wao, na winga yule alikuwepo kweli.

Basi ikabaki mechi ya nafasi ya tatu, mechi ambayo kwa kawaida haitakiwi na mtu. Wachezaji wamechoka, mabasi yanapakia. Ila safari hii waliokuwa wametolewa na Nairobi ni Nyanza. Kutoka Kakamega hadi Maseno ni mwendo wa saa moja tu kwa matatu. Tunauza ng'ombe katika masoko yaleyale, tunaoana, tunacheza soka na kugombana. Mwalimu hakuwa na hotuba. Alisema tu, "Mnajua mtapitia wapi wakati wa kwenda nyumbani," na kila mtu akaiona stendi ya mabasi ya Kisumu, mji wao.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Vumbi la Nakuru lilikuwa limegeuka tope jembamba, na kufikia mapumziko refa hakuweza tena kututofautisha kwa jezi. Mikwaju ilikwenda popote. Walituongoza 10 kwa 8, na kipindi cha pili karibu chote tulikicheza katika eneo la mita chache, skramu baada ya skramu, mpira ukianguka mikononi mwa kila mtu. Daluga za kuazima zilishika ardhi. Katika skramu moja mbele ya milingoti yao niliuiba mpira waliouingiza wao wenyewe, jambo ambalo huka hulipata mara chache maishani, na katika hekaheka iliyofuata mmoja wao akalala juu ya mpira. Penalti, pointi 3. Mpigaji wetu alikuwa ameshakosa mbili. Akachimba kijishimo topeni kwa kisigino, akausimamisha mpira, akapiga. Mpira uligonga mlingoti wa kulia ukaangukia ndani. 11 kwa 10.

Wa tatu. Hakuna kombe la wa tatu. Tulipewa vyeti, na kile changu kiliandikwa jina la mwenzangu.

Nyumbani tulipokewa na isukuti, na miongoni mwa waliokuja langoni walikuwa wale majirani. Kufikia muhula wa pili walikuwa wamerudi kutuchukia, kama inavyostahili.

Wengi wetu hawakucheza tena baada ya kidato cha nne. Klabu zenye uwanja na marafiki wa kukupatia kazi zilikuwa Nairobi hasa, na nauli ya basi haikutoka kwa mtu yeyote. Macho ya nchi nayo yalihamia raga ya wachezaji 7 kila upande, na sina lawama: siku Kenya ilipoilaza Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore mwaka wa 2016 nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Ila mchezo wa watu 7 hauna nafasi ya propu mnene wala ya huka mfupi, na shule nyingi za kijijini zimejaa vijana wa namna hiyo. Aprili 2019 nilikuwa uwanja wa RFUEA, barabara ya Ngong, wakati Chipu, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 20, walipoishinda Namibia 21 kwa 18 wakakata tiketi ya mashindano ya dunia nchini Brazil. Wengine waliangalia mbio za mabeki. Mimi niliangalia miguu ya safu ya kwanza.

Mikoa yenyewe ilifutwa na Katiba ya 2010, na mwaka wa 2013 kaunti 47 zikaanza kazi. Michezo ya shule haikufuata. Bado inagawanywa katika kanda nane zilezile. Kwa hiyo kuna wavulana waliozaliwa baada ya mkoa kufa ambao kila mwaka huitwa kwa jina lake. Wapo wanaotaka kila kaunti ipeleke timu yake. Mimi sitaki. Kaunti 47 ni nyingi mno, na jirani uliyemshinda angekuwa na mechi yake ya kwenda kucheza, hangekuwa na sababu ya kukuletea basi lake.

Yule huka sasa ni mwalimu, anafundisha raga shule ya kutwa upande wa Mumias. Tulikutana uwanja wa Bukhungu, Kakamega, wakati wa mashindano ya kanda, yeye na kipenga shingoni, mimi na kitambi. Nilimuuliza hali ya vijana wake. Akasema wazuri, ila huka wake anatanguliza mguu wa kulia. Kisha akanigeukia akasema ule mpira ulikuwa kombo, refa alikuwa mtu wa wilaya yetu, na kama nina muda anionyeshe pale pale uwanjani nilisimama wapi.