Tembre za Nkambo

Wenzangu wasomaji, wengi wetu hatujabandika tembre kwenye barua hata siku moja. Tunatuma ujumbe kwa telefone, mambo imekwisha. Lakini kwetu hapa Makomeno, mu sanduku ya chuma chini ya kitanda cha nkambo, kuko alibamu moja na bahasha tatu ambazo zimeleta maneno mengi nyumbani mwaka huu.

Nkambo alikuwa jandarme wa Katanga. Aliingia kazi akiwa kijana wa miaka kumi na nane, mu 1961. Mnajua kwa masomo ya historia kwamba Moïse Tshombe alitangaza uhuru wa Katanga tarehe 11 Julai 1960, na jambo hilo likaisha Januari 1963. Serikali ile ilitaka kuonekana serikali kweli, basi ikatoa falanga yake na tembre zake. Za kwanza zilikuwa paka zile za Kongo ya Wabelgiji, za maua na za wanyama, zimepigwa neno KATANGA juu. Mu 1961 zikatoka za sanamu za miti, na mu 1962 za Gendarmerie yenyewe. Nkambo anapenda hizi za mwisho, na mnajua sababu. Lakini Umoja wa Posta wa Dunia haukutambua tembre hizo.

Wakati wa vita ya Shaba, 1977 na 1978, alificha alibamu chini ya gunia la unga. Jimbo lilikuwa limepewa jina lingine, na karatasi yenye kuandikwa Katanga ingeweza kumletea mashaka.

Siku ya Posho wanakuja rafiki zake wawili, nao basoda wa zamani. Mmoja anakusanya wanyama tu, hataki kusikia habari ya siasa. Wa pili alirithi ya baba yake wa Force Publique, aliyekuwa mu vita ya Tabora: tembre ya Kongo iliyopigwa maneno ya kusema Wabelgiji wamekamata Afrika Mashariki ya Wadachi. Tabora ilianguka Septemba 1916. Tembre ile imepasuka pembe moja, na mwenyewe hairuhusu itoke mkononi mwake. Wazee hawa wanabadilishana, wanagombana, wanakunywa chai, wanagombana tena. Ningeweza kuandika kurasa kumi juu ya magomvi yao.

Ugomvi mkubwa ni juu ya bahasha tatu. Mzee wa wanyama anasema mkusanyaji wa kweli anaweka bahasha mu maji, tembre inajitosha yenyewe, anaikausha, anaipanga. Nkambo anakataa.

"Ile kashe njo inanionyesha fasi alikuwa," anasema. "Nikiitia mu mayi, nitajua namna gani?"

Kashe ni muhuri wa posta. Moja ni ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Moja ya Kolwezi. Moja ya Kongolo. Waliotuma walikuwa rafiki zake wa kambi. Yule wa Kongolo alivuka kwenda Angola mu 1963 pamoja na majandarme wengine, na nkambo hakupata habari yake tena, si mu 1977, si mu 1978.

Sasa falanga ya masomo. Mwaka huu tulikosa ya trimestre ya kwanza, mimi na dada yangu. Baba akamwita mnunuzi mmoja wa mjini. Mtu yule alifungua alibamu, akageuza kurasa upesi upesi. Akasema tembre mpya za Katanga ni nyingi sana, wakusanyaji wa Ulaya walinunua tele wakati ule, bei yake ni ya nyanya sokoni. Kisha akaona bahasha. Hapo akavaa miwani.

"Hizi nachukua leo," akasema.

Baba alimtazama nkambo. Hakuna aliyesema neno. Mimi nitasema wazi: baba hakuwa na kosa. Karatasi haipikwi, na mkuu wa masomo hapokei hadisi. Lakini nilijisikia vibaya tumboni.

Nkambo alisema: "Kamata alibamu yote. Ile tatu, hapana."

Walipatana kwa bei ndogo. Ilitosha trimestre moja ya dada yangu. Yangu baba alikopa, na deni lingali. Rafiki wa Tabora alikasirika kuliko sisi wote, akakaa Posho mbili bila kuja.

Macho ya nkambo yamepungua. Basi tangu Pasaka ananisomesha nyuma ya bahasha, naandika kwenye daftari: jina, kambi, kijiji cha mama. Wa Kolwezi na wa Jadotville tumemaliza. Wa Kongolo aliandika paka jina la utani, na lile la kweli nkambo anatafuta bado. Mara nyingine ananiamsha usiku anasema limekuja, nawasha taa, limekwisha kwenda.