Simu ya mama inapolia, usimwambie aichomoe

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya simu inayotaka kufa ni mlio. Simu ya mezani isiyo na waya, ile ambayo mkono wake hulazwa kwenye kitako kinachouchaji, mara nyingi haifi ghafla. Hutoa mlio mfupi, tii, kisha kimya, kisha tii tena. Mchana hausikiki sana. Usiku, nyumba ikitulia, mlio huo unatosha kumnyima mtu usingizi. Na katika familia nyingi anayenyimwa usingizi ni mzee anayeishi peke yake, wakati watoto wanaoweza kumsaidia wako mbali.

Familia moja ya Tanga ilijifunza hilo mwaka jana. Mama, mwalimu mstaafu mwenye miaka 74, anaishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, si mbali na bahari. Watoto wake ni watatu. Wa kwanza, wa kiume, yuko Dar es Salaam. Wa pili, wa kike, ameolewa Muheza. Kitinda mimba, naye wa kike, anafanya kazi Muscat.

Simu ya mkononi mama anayo, lakini huisahau kwenye mkoba mpaka chaji ikaisha. Anayoiamini ni ya mezani, aliyoletewa na bintiye wa Muscat miaka mitano iliyopita. Vitufe vyake ni vikubwa, sauti yake iko juu, na mkono wake anaweza kwenda nao jikoni akaongea huku anakuna nazi.

Ilipoanza kulia, mkwe wake wa Muheza alikuwa amepita kumjulia hali. Akafungua mgongo wa simu, akatoa betri mbili ndogo zilizokuwamo, akaenda dukani kununua nyingine za ukubwa uleule, zile za rimoti. Simu ikanyamaza. Mkwe akashukuriwa, akapewa chai, akaondoka.

Wiki mbili baadaye mlio ukarudi. Safari hii mama alimwambia mwanawe wa Dar es Salaam, katikati ya maongezi mengine, kwamba simu inalialia usiku. Kijana alikuwa ndani ya daladala, amechoka na kazi. Akamjibu, "Ichomoe tu mama, itanyamaza."

Mama akaichomoa. Lakini haikunyamaza. Mkono wa simu hizi huwasiliana na kitako chake kwa mawimbi ya redio, na kitako hakiwezi kutoa mawimbi bila umeme. Ukikikatia umeme, mkono huanza kukitafuta, na simu nyingi hulia zaidi zinapokikosa. Mama akaufunga kwa khanga, akautia kabatini chini ya mashuka. Kesho yake betri zikaisha kabisa, nyumba ikatulia.

Ijumaa binti wa Muscat alipiga. Simu iliita bila kupokewa, kwa sababu laini yenyewe ilikuwa nzima. Akadhani mama yuko kwa jirani. Jumamosi akapiga wa Muheza, naye akadhani amelala. Yule wa Dar es Salaam hakupiga. Aliamini dada zake wameshazungumza naye.

Usiku wa Jumamosi presha ya mama ilipanda. Alishikwa na kizunguzungu, akakaa chini kando ya kitanda, asiweze kuinuka. Simu ya mezani ilikuwa kabatini, imekufa. Ya mkononi ilikuwa mkobani, nayo haina chaji. Alikaa hapo mpaka alfajiri, jirani anayemletea vitumbua alipobisha hodi na kusikia akiitikia kwa sauti ndogo. Akampeleka hospitali, akapewa dawa, na jioni akarudi nyumbani. Lakini saa zile za gizani alizikaa peke yake.

Aliyetumwa kukaa naye wiki hiyo ni mjukuu kutoka Muheza, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Baada ya shikamoo na marahaba, akauliza simu iko wapi. Alipofungua mgongo wake alikuta unga mweupe umeganda kwenye betri. Hapo ndipo chanzo kilipojulikana.

Betri za rimoti hazikutengenezwa kuchajiwa. Simu hizi nyingi hutumia betri za kuchaji zilizoandikwa Ni-MH, zenye volti 1.2 kila moja, wakati zile za rimoti zina volti 1.5. Ukiweka za rimoti, simu inaweza kufanya kazi kwa siku kadhaa. Lakini kila unapoilaza kwenye kitako, kitako hujaribu kuzichaji. Zinapata joto, zinavuja, na zinaweza hata kupasuka. Unga ule huchoma ngozi, kwa hiyo haushikwi kwa vidole vitupu. Kijana alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akapangusa kwa kitambaa chenye siki kidogo, akaacha pakauka.

Kisha akatazama vile vipande vidogo vya chuma ambavyo mkono wa simu hugusana navyo unapolazwa. Upepo wa bahari una chumvi, na vilikuwa vimeshika kutu. Akahakikisha kitako kimechomolewa, akavisugua kwa kifutio cha penseli mpaka vikang'aa. Kutu hiyo huenda ndiyo iliyoleta mlio wa kwanza kabisa. Mkono ulikuwa unalala kwenye kitako kutwa bila kuchajiwa sawasawa, nazo betri za mwanzo tayari zilikuwa na miaka mitano. Betri za namna hii kwa kawaida huanza kuchoka baada ya miaka miwili au mitatu.

Mama yake alinunua betri sahihi. Zikachajiwa usiku kucha kabla ya kutumika, kama maelekezo ya simu nyingi yanavyotaka. Kijana akaandika mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko. Halafu akatembea na mkono wa simu mpaka uani ili ajue unapoteza mawasiliano wapi, kwa sababu hapo nako hulia. Katika uwanja wa wazi simu hizi zinaweza kufika mita 300, lakini kuta za nyumba hupunguza umbali huo hadi mita 50 au chini yake. Kwa nyumba ya bibi, mwisho ulikuwa chini ya mwembe.

Watoto walipokutana, kila mmoja alitaka kujua kwa nini mama hakusema mapema. Alisema. Alimwambia mkwe, akamwambia mwanawe. Alipoulizwa kwa nini hakurudia, alijibu, "Kila mmoja wenu ana yake, wanangu. Nikupigieni simu kwa ajili ya simu?"

Mzee anapotaja jambo dogo mara moja, mara nyingi hatalirudia. Atalisema kati ya habari za mvua na bei ya sukari, na akijibiwa haraka ataona amesumbua. Jibu la "izime" au "ichomoe" humwondolea kelele, lakini linaweza pia kumwondolea njia pekee ya kuomba msaada.

Sasa familia hiyo imeongeza simu ndogo ya zamani yenye waya, kando ya kitanda. Kwenye laini ya nyaya za shaba, simu hiyo hupata nguvu yake kutoka kwenye laini yenyewe, hivyo umeme ukikatika bado inaita. Isiyo na waya haiwezi. Wenye laini inayopita kwenye modemu wakumbuke kwamba modemu ikikosa umeme, simu zote mbili hunyamaza. Kwao simu ya mkononi yenye chaji lazima iwe karibu na mto.

Watoto nao wamegawana siku: Muscat Ijumaa, Muheza Jumatatu, Dar es Salaam Jumatano. Asiyempata mama kwa mara mbili humpigia jirani wa vitumbua saa hiyohiyo. Na yule wa Dar es Salaam, kabla hajaaga, siku hizi huuliza, "Mama, kuna kitu chochote kinachokusumbua humo ndani?" Kisha hungoja jibu.