Picha Niliyoiweka Mwenyewe

Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya bajeti ya elimu ya juu, na rasimu ninayo. Nimeiweka kando kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu, ambalo kwa wiki kadhaa nililihesabu kuwa aibu ya kifamilia isiyostahili kutoka nje ya mlango. Binti yangu mwenye miaka 13 ameniruhusu kulisimulia kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisijifanye shujaa. Sharti la pili halikunisumbua, kwa kuwa ushujaa haukuwepo.

Alikuwa akicheza mchezo wa simu ambao wachezaji wake huweza kuandikiana. Huko akapata rafiki aliyejitambulisha kuwa msichana wa kidato cha kwanza kama yeye. Kwa majuma matatu walizungumza mambo ya kawaida: kazi za hisabati, walimu wakali, wazazi wasioelewa. Kisha rafiki akapendekeza wahamie WhatsApp, ambako hakuna wa kuwaingilia. Huko akaomba picha ya viatu vipya, halafu picha akiwa na sare ya shule, halafu picha ambayo sina haja ya kuieleza. Binti alipokataa, lugha ikabadilika. Akaandikiwa majina yake matatu, shule aliyomalizia darasa la saba, shule anayosoma sasa, na kituo anachoshukia daladala. Akaambiwa pia: ukimwambia baba yako, atakunyang'anya simu.

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma kuliko mengine. Mtu huyo hakunifahamu, lakini alinijua. Mwezi mmoja kabla, nilimkuta binti yangu na simu saa nne usiku, nikaichukua kwa siku 14 bila kumuuliza hata swali moja. Kwa hiyo alipopatwa na kitisho hiki aliijua hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Hakuniambia mimi, wala mama yake. Alimwambia mama yake mdogo, aliyekuja kututembelea Jumapili, tena akiwa jikoni anamenya viazi na sauti ameishusha.

Nilipoletewa habari, mimi ninayefundisha mbinu za utafiti na kuwahimiza wanafunzi watunze data ghafi, wazo langu la kwanza lilikuwa kufuta kila kitu. Mwenzangu mmoja wa idarani akanizuia kwa simu. Usifute, alisema, huo ndio ushahidi. Tukapiga picha za skrini za mazungumzo yote, tukaandika namba, jina la akaunti na tarehe, ndipo tukamzuia mtu yule.

Usiku huo nikaanza kutafuta alikozipata habari zile. Sikutafuta mbali. Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, niliweka kwenye ukurasa wangu picha ya binti akiwa na sare, nembo ya shule ikionekana wazi, nikaandika majina yake yote na shukrani kwa walimu. Pongezi zilipita 200. Alipochaguliwa kidato cha kwanza, nikaongeza jina la shule mpya papo hapo. Ndugu mmoja akauliza siku hizi tunaishi wapi. Nikamjibu hadharani, hadi kituo cha basi. Ukurasa ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Kumbe mlinzi wa lango ndiye aliyewasomea wapita njia orodha ya vitu vilivyomo ndani.

Tulikwenda polisi. Askari wa mapokezi aliuliza, "Amemgusa?" Nikasema hapana. Akauliza sasa kosa ni lipi. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu mwaka 2015, lakini sisi wa vyuo na wanaharakati tumeijua zaidi kwa kifungu cha 16, cha taarifa za uongo, ambacho kimewafikisha wengi mahakamani. Kifungu cha 13, kinachohusu picha za ngono za watoto, sijawahi kukisikia kikijadiliwa kwenye kongamano lolote nililohudhuria, na makongamano hayo baadhi niliyaandaa mimi. Hatimaye tulielekezwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo mambo yakawa mengine. Askari mwanamke alimkalisha binti, akamsikiliza, akaniomba mimi nitoke nje. Jalada lilifunguliwa. Laini imeonekana kusajiliwa kwa jina la bibi mmoja wa mkoa mwingine, asiyejua kuwa anayo, pamoja na alama zetu zote za vidole. Hadi ninapoandika, hajakamatwa mtu.

Ripoti ya Disrupting Harm kuhusu Tanzania, iliyotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ilionesha kuwa asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 hutumia intaneti, na kwamba asilimia 4 ya watumiaji hao walikuwa wamekumbana na unyanyasaji wa kingono wa mtandaoni katika mwaka mmoja. Niliisoma ilipotoka, nikaona 4 ni namba ndogo. Wapange watoto 50 wanaotumia intaneti: ni wawili.

Wanafunzi wangu wameniuliza kama nasi tuige Australia, ambako tangu 10 Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Nasita. Katika nyumba ambayo watu watano wanatumia simu moja, programu itapima umri wa nani? Miaka 13 inayotajwa na mitandao mingi imetokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu taarifa za watoto, nayo hulindwa na swali moja tu: umezaliwa mwaka gani? Nilipofungua akaunti ya binti yangu nilikuta amejaza mwaka wangu. Kwa wenye mchezo ule, yeye ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu.

Sasa tumebadilisha mipangilio: anayeweza kumwandikia ni yule tu aliyekwisha mkubali, na mahali alipo hapaonekani. Simu zote hulala sebuleni kuanzia saa tatu usiku, yangu ikiwemo, jambo lililonigharimu zaidi ya nilivyotarajia. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozi chochote, ameihifadhi yeye mwenyewe. Nimemwahidi kwamba simu haitachukuliwa kwa sababu ya jambo aliloniambia. Aliniuliza, "Hata likiwa baya sana, baba?" Nikasema hata likiwa baya sana. Akanitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mhadhiri aliyeahidi kurudisha kazi zilizosahihishwa kabla ya Ijumaa.

Picha ya sare niliifuta usiku uleule. Juma lililopita kaka yangu, kwa mapenzi mema kabisa, aliirusha tena kwenye kundi la ukoo, lenye watu 140, akiwahimiza watoto wengine wasome kwa bidii. Binti yangu ndiye aliyeiona kwanza. Nimempigia kaka, ameniambia ataitoa akipata bando.