Chuma Kilichobakizwa

Sisi tulioshika tupa katika miaka ya 1970 tumebaki wachache, na kusema kweli hatukuzoea kujisemea. Seremala wa Unguja anasemewa na milango ya Mji Mkongwe, na fundi wa majahazi anasemewa na jahazi lake. Kazi yetu sisi ilikuwa kalibu za plastiki: kuzichonga ilipowezekana na, mara nyingi zaidi, kuzirekebisha pale umbo la kitu lilipobadilishwa. Anayenunua ndoo sokoni Darajani huigonga kwa kidole, akakagua mdomo wake, akapatana bei na kuondoka nayo. Chuma kilichoizaa hakioni, wala hana haja ya kukiona. Ndiyo maana nimeona niwasemee wenzangu, walio hai na waliotangulia mbele ya haki, vijana wasije wakadhani kazi hii ilianza siku kompyuta ilipoingia karakana.

Wengi wetu tulitoka katika skuli za hapa Unguja, tukajifunza ufundi Mbweni, mwendo mfupi kutoka Chukwani ninakoishi sasa, kisha tukavuka bahari kutafuta kazi viwandani Dar es Salaam, Chang'ombe na kando ya Barabara ya Pugu. Wapo waliobahatika zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilifunga urafiki na Ujerumani ya Mashariki, na baadhi ya vijana wa rika letu wakapelekwa huko kusoma. Waliporudi walitusimulia habari za Zwickau, mji lilikokuwa likiundwa gari la Trabant, ambalo bodi yake haikuwa bati bali takataka za pamba zilizochanganywa na gundi na kukandamizwa ndani ya kalibu za moto. Tulicheka, tukaona wanapiga chuku. Baadaye tulijua ni kweli tupu.

Kwa asiyejua, nieleze. Kalibu ina pande mbili, dume na jike. Jike ndilo lenye tundu linalotoa sura ya nje ya kitu. Dume huingia ndani yake likatoa sura ya ndani, na plastiki iliyoyeyuka hujaa katika nafasi iliyobaki baina yao. Nafasi hiyo ndiyo unene wa kitu. Akija mwenye kiwanda akasema mfuniko uwe mnene zaidi, kazi ni nyepesi: unapunguza dume, basi. Akisema uwe mwembamba kwa sababu malighafi imepanda bei, hapo ndipo kichwa kinapouma, maana unatakiwa kuongeza chuma mahali ambapo hakipo. Akitaka ubavu wa kuimarisha, unachimba mfereji. Akitaka tundu, huna budi kusimamisha nguzo. Na badiliko moja haliji peke yake. Uso wa dume ukishuka, pini zinazosukuma kitu kitoke lazima zifupishwe zilingane nao, na njia ya maji ya kupoza inayopita chini yake huenda ikabaki na ukuta mwembamba usiostahimili mgandamizo. Isitoshe, plastiki ikipoa husinyaa. Polipropilini husinyaa kati ya asilimia 1 na 2.5, kwa hiyo kipimo cha chuma hakiwi kamwe kipimo cha kitu chenyewe.

Vipimo navyo vilikuwa na fitina yake. Afrika Mashariki ilikwishaanza kuacha galoni na ratili mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini kalibu nyingi tulizozikuta zilikuwa zimechongwa kwa inchi, na michoro mipya ikaja kwa milimita. Pembezoni mwa kila mchoro palijaa hesabu za penseli za kuzidisha kwa 25.4. Kikokotoo hatukuwa nacho, na hesabu zile zilitoka sawa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Katikati ya hapo ikaja vita ya Kagera. Karakana zilizozoea kupata vyuma na vipuri kutoka Nairobi zikabaki na vilivyokuwamo ghalani, na fedha za kigeni za kuagiza Ulaya zilikuwa za kubembelezea. Katika hali hiyo hakuna aliyethubutu kuomba kalibu mpya eti kwa sababu umbo la mfuniko limebadilika. Tulijifunza kubakiza. Mahali tulipohisi kwamba vipimo vitakuja kubadilishwa, tuliacha chuma kimezidi kidogo, kama fundi cherehani anavyokunja kitambaa cha akiba ndani ya mshono wa kanzu ya mtoto. Na mahali pasipotabirika kabisa, shingo ya mfuniko, kishikio au maandishi, hatukuchonga katika chuma kikuu. Tulifungua shimo la mraba tukapachika kipande kinachotoka na kurudi, yaani kipachiko. Umbo likibadilika, kipande hicho pekee kinatengenezwa upya, na kalibu inabaki ile ile. Kuchomelea tulikufanya kwa kulazimika tu. Chuma cha kalibu kikichomelewa bila kwanza kupashwa moto taratibu hupasuka, na hata kisipopasuka, mahali pale huwa na ugumu tofauti. Usugue utakavyosugua, kivuli chake kitaonekana juu ya plastiki.

Kupachika ndiko kulikomtenga fundi na mwanagenzi. Kipande kilitoka kwenye mashine kikiwa kimezidi kidogo. Kuta za shimo lake zikapakwa rangi ya buluu kwa ncha ya kidole, utando mwembamba kiasi cha kuuona mng'ao wa chuma chini yake. Unakisukuma kipande ndani kwa nyundo ya shaba, unakitoa, unakipeleka dirishani. Pale kilipochafuka buluu ndipo kinapobana. Hapo panapitishwa tupa, mara mbili tatu, si zaidi. Unafuta, unapaka, unarudisha. Kazi hiyo ilichukua kutwa nzima, pengine na kesho yake, mpaka buluu ikaenea sawasawa pande zote. Mwanya wa sehemu chache za mia za milimita ulitosha kuipitisha plastiki, nayo ikatoka na ukingo mwembamba ambao akina mama wa kiwandani walilazimika kuukata kwa kisu, ndoo baada ya ndoo, huku wakitutazama. Hakuna karipio la msimamizi lililotuuma kuliko macho yale.

Kijana wa leo hubadilisha mchoro kwenye kompyuta kabla ya kugusa chuma. Huizungusha kalibu kwenye kioo, akaona maji yanapita wapi na pini zinatokea wapi, na mashine humkatia usiku yeye akiwa amelala. Mashine ya cheche, iliyovumbuliwa Urusi ya Kisovieti na Boris na Natalya Lazarenko mwaka 1943, hula chuma kigumu kwa umeme bila kukigusa. Wengi wetu tuliijua kwa picha za vitabuni. Siwaonei wivu vijana, nawapongeza. Katika kutunza kumbukumbu wametushinda kabisa, maana michoro yetu mingi ilikuwa vichwani, na vichwa vyenyewe vimezikwa. Lakini nimeonyeshwa vipachiko vilivyochorwa kwa ustadi mkubwa, visivyo na tundu la skrubu mgongoni la kuvivutia. Aliyevichora hakuwahi kuhangaika na kipande kilichokwama. Na kinachonisikitisha zaidi ni wepesi wa kuitelekeza kalibu nzima na kuagiza nyingine China kwa sababu ya badiliko ambalo kipande cha ukubwa wa kiganja kingelimaliza.

Najua vijana nao wana neno juu yetu: plastiki iliyojaa ufukweni. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki na kuvikwa malapa 30,000 hivi, lilifika Unguja mapema mwaka 2019, nami nililipokea kwa heshima na kwa haya kidogo. Hata hivyo ndoo ya wakati wetu ikipasuka ilipelekwa kwa fundi ikazibwa kwa chuma cha moto, ikarudi kisimani miaka mingine. Hatukutengeneza kitu cha kutumiwa asubuhi na kutupwa jioni.

Kila kipachiko chetu kilipigwa herufi mgongoni: A kwa cha kwanza, B baada ya badiliko, na kuendelea. Kilichoondolewa hakikutupwa. Kilipakwa grisi, kikafungwa karatasi, kikawekwa rafuni pamoja na ndugu zake. Mwenye kiwanda alilalamika juu ya umbo la zamani mwezi mzima, tukambadilishia; kisha wateja wakalikataa jipya, naye akarudi karakana asubuhi, sauti chini, akiuliza kama lile la zamani lingewezekana tena. Tulishusha A kutoka rafuni, tukafuta grisi, na kabla ya adhuhuri mashine ilikuwa inatoa mifuniko.